Majengo ya kale ya Mbinga na Nyasa yapewe kazi, yasisubiri kufuli

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina mwaka mmoja ambao watu wa Mbinga na Nyasa wanapaswa kuujua: 1863. Jengo lolote la Tanzania Bara lililosimamishwa kabla ya mwaka huo linalindwa na sheria yenyewe, bila kusubiri tangazo la mtu. Lililojengwa baada ya hapo halina kinga hiyo mpaka Waziri aamue kulitangaza. Sasa tupige hesabu. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na Kigonsera mwaka 1899. Kituo cha kijeshi cha Wajerumani pale Songea ni cha mwaka 1897. Ushirika wa Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, ni wa miaka ya 1930. Mwaka 1863 wenyewe, Wamatengo walikuwa wamejibanza milimani kwa kuwahofia Wangoni, na nyumba zao za miti, udongo na nyasi zilikwisha kurudi ardhini siku nyingi. Kwa maneno mengine, kila ukuta wa mawe au wa tofali la kuchoma ambao mkazi wa wilaya hizi mbili anaweza kuuita wa kale umezaliwa upande usiolindwa wa tarehe hiyo. Si Mbinga peke yake. Hata Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa enzi za Sultani Majid mwaka 1866 na 1867, limechelewa kwa miaka mitatu. Na cha kuchekesha ni kwamba sheria hiyo hiyo inaulinda mlango wa mbao ulionakshiwa hadi mwaka 1940. Mlango una kinga. Ukuta unaoushikilia hauna.

Siandiki kulalamikia mwaka 1863. Hata ukisogezwa mbele hadi 1920, tutakuwa tumebadilisha tarehe tu, kwa sababu kosa liko kwenye wazo lenyewe kwamba umri ndio unaolilinda jengo. Hoja yangu ni kwamba jengo la kale hulindwa na kazi linayofanya, na kwamba mabadiliko ya matumizi, ambayo wengi huyaona kuwa ndiyo adui wa urithi, mara nyingi ndiyo yaliyoufikisha urithi huo mikononi mwetu. Kwa hiyo halmashauri za Mbinga na Nyasa zisisubiri Dodoma itangaze kitu. Zianze kuyapa majengo yao ya kale kazi mpya, kwa masharti, na ziandike kila kazi ambayo jengo limewahi kufanya. Na zianze sasa. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, takriban kilomita 66 za milima na kona, imekwisha kuwekwa lami. Bandari mpya ya Mbamba Bay imeingizwa kwenye mipango ya taifa na fedha zake zimetengwa. Mahali palipokuwa mwisho wa njia panageuka kuwa lango la kwenda Malawi na Msumbiji, na kila anayejua bei ya kiwanja mjini anajua kinachofuata: ghorofa, maduka ya fremu, vituo vya mafuta, na tingatinga mbele ya lolote linaloonekana limechakaa.

Ushahidi wangu wa kwanza hautoki Ziwa Nyasa, kwa sababu majengo ya huku bado ni machanga. Yana karne moja na ushei tu. Twende Unguja, kwenye Ngome Kongwe pale Forodhani. Wareno walijenga kanisa mahali hapo mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17. Waomani walipowafukuza Wareno mwaka 1698, hawakuusafisha uwanja ule wakaanza upya. Walilizungushia lile kanisa kuta za ngome, na sehemu ya mabaki yake imo ndani ya ngome mpaka leo. Karne ya 19 ngome ikawa gereza. Reli ya kwenda Bububu ilipojengwa mwaka 1905, ngome ikawa karakana ya treni. Miaka ya 1940 ikageuzwa klabu ya wanawake, wakawa wanacheza tenisi pale walipofungiwa watu. Miaka ya 1990 ukajengwa ndani yake ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, na tangu hapo Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, na Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, yamewaleta watu ndani ya kuta zile mwaka baada ya mwaka. Kanisa, ngome, gereza, karakana, uwanja wa tenisi, ukumbi wa muziki. Mtu aliyetaka kuhifadhi matumizi ya asili angelazimika kwanza kuchagua asili ipi: ya Mreno au ya Mwomani? Kila mwenye zamu alilikuta jengo linamfaa kwa jambo fulani, akaziba paa lake, akalikabidhi likiwa limesimama.

Hatua chache kutoka hapo lipo Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Nalo lilibadilisha kazi: kasri la sherehe, ofisi za serikali wakati wa Waingereza, chuo cha siasa cha chama cha ASP baada ya Mapinduzi, kisha makumbusho. Hadhi yake ilikuwa kubwa kuliko ile ambayo jengo lolote la Mbinga litaota kuwa nayo. Limo ndani ya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mwaka 2012 kona yake moja ilianguka. Likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka na watu wawili wakafariki. Mhandisi ataniambia kwamba silinganishi vitu vinavyolingana, na atakuwa na haki. Ngome ina kuta nene zilizokaa chini. Kasri lile lilikuwa na nguzo ndefu za chuma na baraza pana zilizobeba uzito mkubwa mbele ya bahari yenye chumvi. Sidai, basi, kwamba kufungwa ndiko kulikoliangusha. Nadai kitu kidogo zaidi, lakini kinachonitosha: hadhi ya juu kabisa duniani haikuziba ufa hata mmoja. Cheti hakipandi darini. Anayepanda darini ni mtu mwenye sababu ya kupanda, yaani mtu anayekaa humo, anayefanya kazi humo, ambaye mvua ikivuja italowesha mafaili yake.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana watu wengi hudhani jengo la kale hufa kwa uzee. Halifi hivyo. Chukua ukuta wa tofali la kuchoma uliojengwa kwa udongo au kwa chokaa, kama mafundi wa misheni walivyozoea kujenga kabla saruji haijawa rahisi kupatikana. Ukuta huo unapumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini au unaoingia kwa mvua hutoka tena taratibu kupitia kwenye viungo. Kigae kimoja kikihama au bati moja likilegea misumari, maji yataanza kushuka mahali pamoja. Jengo likiwa na watu, mtu ataona doa darini wiki hiyo hiyo, fundi ataitwa, kazi ya nusu siku itakuwa imekwisha. Jengo likiwa limefungwa, doa litakuwa mfereji, boriti itaoza kichwani pale inapoingia ukutani, mchwa watamaliza kazi, na paa likishakaa upande ukuta wenyewe hauna msimu mwingi mbele yake. Milima ya Umatengo haina upungufu wa mvua. Lakini matumizi mabaya nayo huua. Mpangaji mwenye haraka huona plasta inabanduka, akapiga saruji nzito juu yake na rangi ya mafuta juu ya saruji. Ukuta unapendeza kwa ufunguzi. Ndani, unyevu umekosa pa kutokea, na baada ya miaka michache tofali linageuka unga nyuma ya ganda gumu linalong'aa. Ndiyo maana nasema kazi kwa masharti. Kazi huleta macho na fedha. Masharti huhakikisha kwamba chokaa inafuata chokaa.

Turudi nyumbani, tuone kwamba huku nako mabadiliko ya matumizi ni jambo la kawaida kabisa, ila halijaandikwa. Kigonsera ilianza kama misheni mwaka 1899. Leo mtu wa Mwanza au Tanga akilisikia jina hilo anafikiria shule ya sekondari. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za madhehebu nchini zilichukuliwa na Serikali, na katika makabidhiano ya namna ile michoro na madaftari ya ujenzi mara nyingi hubaki kwa aliyejenga wakati funguo zinakwenda kwa mwingine. Tazama maghala ya kahawa. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, Mamlaka ya Kahawa ikaundwa mwaka 1977, sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama, na soko huria la miaka ya 1990 likaleta wanunuzi binafsi. Ghala moja la Umatengo lingeweza kupita mikononi mwa wenyewe wanne bila kuhama hata hatua moja, na kila mmoja angeacha alama yake: dirisha lililozibwa, sakafu iliyoinuliwa ili magunia yasishike unyevu, maandishi ya rangi juu ya mlango. Hiyo ni historia ya uchumi wa wilaya nzima. Anayelibomoa ghala hilo bila kuandika chochote anafuta daftari lenye uzito kuliko mengi yaliyomo kabatini mwa ofisi.

Mfano mzito zaidi ni Liuli. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya jiwe la ufukweni lililowakumbusha sanamu ya Misri. Hapo ndipo ilipokuwa chelezo ya meli yao, Hermann von Wissmann, na hapo, tarehe 13 Agosti 1914, nahodha Mwingereza Rhoades alikuja na meli ya Gwendolen akaishambulia ikiwa imepandishwa kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades wa kunywa naye, na hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. (Meli nayo haikufa: baada ya vita Waingereza waliitumia kwa jina la King George V.) Ufuko huo huo ndio wenye kanisa la Waanglikana na Hospitali ya Mtakatifu Anna, na ndipo alipofariki mwaka 1928 Shemasi Mkuu William Percival Johnson, aliyeitumikia pwani ya ziwa hili tangu miaka ya 1880. Chelezo ya kijeshi, ibada, kaburi linalozuriwa na waumini, wodi za wagonjwa. Tukisema Liuli ni eneo la kihistoria la Vita ya Kwanza ya Dunia, tunawapokonya waumini. Tukisema ni la kidini tu, tunaifuta 1914. Mama anayekwenda kujifungua pale hana habari na hoja zote mbili, naye ana haki kuliko sote. Mahali kama hapa hapawezi kuhifadhiwa kwa kuchagua sura moja. Panahitaji kumbukumbu inayozitaja zote, na wodi ziendelee kufanya kazi.

Ng'ambo ya pili ya Ushoroba wa Mtwara tunao mfano wa jengo lililookolewa kwa makusudi. Mikindani, karibu na Mtwara, Wajerumani walijenga boma mwaka 1895. Waingereza walilirithi kama ofisi, kisha utawala ulipohamia Mtwara jengo likapoteza kazi yake kuu, hatimaye likaachwa, likaanza kuporomoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lililipanga kutoka serikalini, likalikarabati na kuligeuza hoteli inayofundisha vijana wa hapo kazi za ukarimu. Boma bado ni mali ya umma. Mpangaji ndiye anayegharimia paa. Naitaja Mikindani kwa sababu ushoroba huo una ncha mbili, na ncha ya magharibi ni Mbamba Bay. Kinachowezekana mwanzo wa barabara hakishindikani mwishoni mwake.

Najua jibu litakalokuja: hoteli ni ya wageni. Bei ya usiku mmoja katika vyumba vya namna ile hailingani na mfuko wa mvuvi wa Lituhi, na jengo la umma likishakuwa mahali pa mtalii kuogelea, mwenyeji analiona kwa mbali kama alivyoliona boma la Mjerumani. Pingamizi hili nalikubali karibu lote. Ndiyo maana sipendekezi hoteli kama jibu la kwanza. Kazi mpya ya jengo la kale inaweza kuwa zahanati, maktaba ya kata, ofisi ya chama cha ushirika cha mazao (AMCOS), mahakama ya mwanzo, chuo cha ufundi uashi, ukumbi wa mikutano wa kijiji. Na pale hoteli ndiyo pekee inayoweza kulipia ukarabati, mkataba wa upangaji useme wazi ni siku zipi wanafunzi wanaingia bure, ni ajira ngapi za wenyeji, ni fungu gani la pango linalorudi kijijini. Mkataba usio na vipengele hivyo usisainiwe, hata kama mwekezaji amevaa suti nzuri.

Kuna pingamizi gumu zaidi, na halifai kujibiwa kwa mzaha. Kwa nini tuhangaike na majengo ya wakoloni na wamisionari? Boma lilikuwa mahali pa kudaiwa kodi ya kibanda na kuchapwa viboko. Misheni ya Peramiho ilichomwa mwaka 1905 na wapiganaji wa Majimaji ambao hawakuichoma kwa ujinga. Waliona imekaa upande mmoja na waliotaka kuwatawala. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa pale Songea, na kila mwaka tunakusanyika kuwakumbuka. Je, tukikarabati kuta za upande ule mwingine hatuwatusi? Naamini kinyume chake. Kwanza, udongo wa matofali yale haukuja na meli kutoka Hamburg. Ulichimbwa hapa, ukachomwa kwa kuni za hapa, na mikono iliyoufinyanga na kuubeba ni ya watu wa hapa, wengi wao wakiwa hawajaandikwa popote. Ukibomoa ukuta, unabomoa ushahidi pekee wa kazi yao. Pili, historia ya jengo haikwishi kwa aliyelijenga. Peramiho iliyojengwa upya ikaja kuwa na hospitali iliyowatibu wajukuu wa waliopigana. Shule zilizojengwa ili kupata makatekista zilitoa walimu na viongozi waliodai uhuru. Kumbukumbu inayoandika kila zamu haimfichi Mjerumani wala haimpi jengo lote. Inamweka mahali pake, kwenye ukurasa wa pili au wa tatu, kisha inaendelea. Mtu anayetaka jengo libomolewe kwa sababu ya dhambi ya aliyelijenga anampa mjenzi huyo heshima asiyostahili, ya kuwa mwenye neno la mwisho.

Wengine watasema urithi wa kweli wa Umatengo haumo kwenye matofali hata kidogo. Umo kwenye ngolo, yale mashimo ya shambani yaliyopangwa kama wavu kwenye miteremko mikali. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, udongo unachimbwa katikati na kufukiwa juu yake, maharage na mahindi yanapandwa kwenye matuta, na maji ya mvua yanatulia shimoni badala ya kukimbia na rutuba. Watafiti wa kilimo wametoka mbali kuja kuuona utaalamu huo. Ni kweli, na ningekuwa na shilingi moja tu ningeipeleka huko. Lakini tuulize ngolo imefikaje hapa ilipo. Hakuna aliyeizungushia uzio. Hakuna Waziri aliyeitangaza. Imedumu kwa sababu kila msimu kuna mtu mwenye njaa na mbegu anayelifukua shamba upya, na pale kahawa ilipochukua miteremko, au watu walipohamia kwenye ardhi tambarare, ngolo ilipungua bila kelele. Ngolo, basi, ni shahidi wangu mwenyewe: kinachotumika hudumu, kinachokosa mtumiaji huondoka.

Ama kuhusu fedha, sitazunguka sana. Halmashauri yenye upungufu wa madawati haiwezi kuambiwa ijenge makumbusho, na mimi siiambii. Songea, kama kilomita 100 kutoka Mbinga mjini, tayari kuna Makumbusho ya Majimaji, na si kila mji unahitaji chumba chenye mikuki ukutani na daftari la wageni lisilojaa. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno mwaka 1593 hadi 1596 na kuwa gereza hadi 1958, imefanikiwa kama makumbusho kwa sababu ina wataalamu wake wa kuhifadhi na wageni wanaolipa tiketi kwa wingi. Makumbusho pale ni kazi kamili. Mbinga haina wageni hao kwa sasa. Ila hesabu ya upande wa pili haifanywi kabisa: halmashauri inayohitaji madarasa mawili au ofisi ya kata mara nyingi huona gharama ya jengo jipya tu, haimtumi mhandisi akapime kuta nene zilizopo ambazo zinahitaji paa, milango na chokaa. Pengine atakuta zimeoza, zibomolewe. Sawa. Lakini na apime kwanza.

Linabaki swali la mwenye mali. Majengo mengi ya kale ya huku si ya Serikali. Ni ya Jimbo Katoliki la Mbinga, lililoundwa mwaka 1986, na ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruvuma, na maghala ni ya vyama vya ushirika. Diwani hawezi kuingia parokiani na kuamuru rangi ya ukuta, wala hafai kujaribu. Tena makanisa yametushinda kwa jambo moja: jengo la ibada halihitaji kazi mpya ilimradi waumini wapo. Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro pale kisiwani Likoma, upande wa Malawi, lilianza kujengwa mwaka 1903, na mpaka leo kazi yake ni ile ile. Kinachohitajika kwa majengo haya ni maelewano: dayosisi itoe nakala za michoro na shajara zake, halmashauri itoe mhandisi wa kukagua, na parokia inayotaka kubomoa nyumba ya mapadre ya zamani ili kujenga ukumbi ikubali kwanza ipimwe na ipigwe picha. Kwa majengo ya umma, ambayo halmashauri ina sauti nayo, hakuna haja ya kuomba ridhaa ya mtu. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 tayari inataka kibali kabla ya kubadilisha matumizi ya ardhi, na halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Kuongeza sharti kwamba jengo lenye zaidi ya miaka 50 halipati kibali cha kubomolewa wala kukarabatiwa mpaka lifunguliwe faili lake la matumizi, si jambo la kusubiri Bunge.

Kwa hiyo naziomba Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga, Halmashauri ya Mji wa Mbinga na Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa zipeleke jambo hili kwenye kikao kijacho cha madiwani. Afisa utamaduni na mhandisi wapewe usafiri na kamera, wapite kata kwa kata kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay na kupanda hadi Litembo na Kigonsera, waandike kila jengo: nani alilijenga, limefanya kazi gani na gani, paa lake likoje, nani ana funguo. Wawahoji wazee wakiwa bado wapo, hasa waliowahi kuchoma tofali, kubeba magunia ya kahawa au kusoma katika majengo hayo. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ofisi za kata, na isomwe kabla ya kibali chochote cha ujenzi kutolewa kando ya barabara ya bandarini.